Isidore Wangu wa mu Kaye

Watu wa Kadutu watawaambia kwamba mwaka ile akili ilinitoka. Waache waseme. Mimi Adolphine, mushonaji, nitawaeleza mwenyewe, juu hakuna mwingine aliyepanda mulima ya Bagira siku ya mungu, jumapili, mara saba mufululizo na sufuria ku kichwa.

Tulikuwa watu wane mu atelye ya kushona ya Papa Apollinaire, na tulikuwa na muchezo yetu. Saison ya mupira ikianza, kila mutu anachagua wachezaji watano mu timu zote za muji. Hao njo timu yako, mu kaye tu, daftari ya atelye. Muchezaji wako akitia bao kule uwanjani, wewe unapata pointi tatu huku ku mashini yako. Papa Apollinaire, muzee wa makasi na wa haki, anaandika yote na biki nyekundu.

Mwenye kushinda anabeba radio. Tuliinunua pamoja, na inalala kwa mushindi mwaka muzima, sisi wengine tunaenda kusikiliza kwake. Basi miaka mbili ilikuwa kwa Télesphore, mupiga pasi wetu, na yule mutu, Mungu amusamehe, anaizima kila mara timu anayoipenda ikifungwa! "Pile inaisha," anasema, betri ati imechoka. Pile gani? Siku moja alizima wakati ya penalti. Nilirudi njiani nikilia na hasira, mwanamuke muzima wa miaka makumi ine. Nilitaka ile radio ikae kwangu, juu ya kabati, na kitambaa safi chini yake. Hiyo tu.

Na mwaka ile nilikuwa na Isidore. Ku karatasi za serikali alikuwa na jina ingine, kama sisi wote wakati ya Zaïre, juu majina ya kikristo ilikatazwa, lakini uwanjani watu walikuwa wanalia "Isidore!" mpaka sauti inakauka. Mabao kumi na moja kwa mechi tisa! Nilikuwa nashona nikiimba. Halafu beki moja wa maguu mazito akamuangukia ku goti, na Isidore wangu akalala na muguu mu plâtre, imefungwa na jasi ngumu. Pointi zikakauka.

Sasa sikilizeni desturi yetu. Kwanza haikuwa mu kaye. Zamani goalkeeper moja aligonjwa malaria, akasikia namna tunagawana wachezaji, akatuma neno: "Munakula pointi zangu kila siku ya mungu, na hata uji hamuniletee?" Tulipata haya kabisa. Toka siku ile, muchezaji wako akigonjwa, wewe njo unamupelekea chakula. Na ukitaka kumubadilisha na mwingine, hauandike kitu mbele ya kwenda kumuambia wewe mwenyewe, uso kwa uso, na sufuria ya mwisho.

Kwa hiyo nilikuwa napanda. Mama yake Isidore alikuwa mbali, Luvungi, na yeye alikuwa anakaa peke yake mu chumba moja. Majani ya sombe, samaki ndogo za sambaza, bugali ya moto nimeifunga mu kitambaa ya kikwembe. Anakula, ananieleza vile atapiga mupira akirudi. "Bado kidogo tu, maman. Wiki mbili." Wiki mbili zikaisha, anasema tena wiki mbili.

Zilibaki mechi ine. Télesphore alikuwa mbele yangu na pointi sita. Siku moja akaweka pasi chini, akanikaribia na meno yote nje.

"Maman Adolphine, nipe Isidore. Nakupa Benoît."

Benoît! Kijana wa mbio, bao kila mechi! Nikamuuliza anatafuta nini kwa mutu wa plâtre.

"Atarudi kwa mechi mbili za mwisho," akasema. "Yule akirudi, anatia mabao sita. Wewe hauna roho ya kungojea."

"Aliye juu mungoje chini," nikamujibu. Lakini usiku mbili sikulala vizuri. Isidore ni Isidore, lakini pointi za mutu aliyelala ni sifuri. Siku ya posho, jumamosi, nikasema ndiyo. Télesphore akatia sinyatire, sahihi yake, palepale mu kaye. Papa Apollinaire akafunga kaye: "Wewe utatia yako kisha kupeleka sufuria."

Siku ya mungu nikapika samaki kubwa, juu ya haya niliyokuwa nayo. Nikafika, nikabisha hodi. Plâtre ilikuwa imetoka. Nikafurahi, nikaona muguu yenyewe: nyembamba, na goti haikunjike. Nikamuambia neno yote haraka haraka, Benoît, Télesphore, mechi ine.

Isidore akaacha kula. Akacheka kidogo.

"Télesphore hatakuja, maman. Akisikia, hatakuja."

"Akisikia nini?"

"Sitacheza tena. Munganga aliniambia tangu plâtre ingali ku muguu."

Jamani! Nilisimama. "Mushenzi wewe! Mulima yote hii, wiki mbili, wiki mbili, na unajua?"

"Najua."

"Juu ya sambaza?"

"Chakula majirani wananipa," akasema. "Lakini nilijua siku mutakapofuta jina yangu mu kaye, hakuna mutu atabisha hodi tena. Nilisema nipate hata siku ya mungu moja ingine."

Nikakaa. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na huruma, na sikujua niweke wapi mikono yangu. Kisha shetani akanijia, siwafiche: Télesphore hajui kitu. Nikitia sinyatire kesho, napata Benoît, yeye anabaki na goti, na radio inakuja kwangu. Nilishuka Bagira na ile wazo mpaka chini.

Asubuhi kaye ilikuwa wazi juu ya meza. Télesphore alinishikia biki yeye mwenyewe.

"Siuzi," nikasema.

"Utajuta!"

Na nilijuta, kweli. Benoît alitia mabao matano. Radio ikabaki kwa Télesphore mwaka ya tatu, na mimi nikakuwa wa mwisho kabisa, nyuma hata ya Colombe, mutu wetu wa ine mu atelye, anayechagua wachezaji kwa uzuri wa sura.

Saison mupya, wa mwisho njo anachagua wa kwanza. Wakati ile muji muzima ulikuwa umesikia habari ya goti. Wote walikuwa wananiangalia, juu Benoît alikuwa pale, bila mwenyewe.

"Isidore," nikasema.

Papa Apollinaire akainua macho. "Maman, yule hatacheza."

"Najua. Andika."

Akaandika. Hakuna aliyecheka, hata Colombe. Télesphore akashika pasi yake, akapiga shati ileile mara tatu, ingawa ilikuwa imenyooka.

"Siku ya mungu unamupelekea nini?" akaniuliza, bila kuniangalia.

"Sambaza."

"Saa ngapi?"

"Mbele ya mechi kuanza."

Akakohoa. "Basi nitakuja na radio."

"Kuja," nikamuambia. "Na uweke pile mupya, juu kule hatutazima."