Mama Darius Amshitaki Mwenyekiti

Népomuscène na mkewe Médiatrice, wazazi wa Darius, walifanya kazi katika kiwanda kimoja cha sabuni, na wote walikuwa wanachama wa sendika, chama cha kutetea wafanyakazi. Mume ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Kanuni zilisema mwenyekiti haongozi zaidi ya vipindi viwili, naye alikuwa amevimaliza vyote. Basi akaitisha mkutano wa haraka siku ya mvua kubwa, wakaja watu wachache, wakakifuta kifungu hicho kwa makofi.

Jioni ile, nyumbani kwao mtaa wa Nyakabiga, Médiatrice alimwekea chakula, akakaa mbele yake.

"Baba Darius, watu hawakutimia. Hata nusu hatukufika."

"Nikitoka, nani atawatetea wanawake wa zamu ya usiku? Meneja anangoja niondoke tu, awafukuze."

"Mi niko zamu ya usiku. Sijakutuma uvunje kanuni kwa ajili yangu."

"We ni mke wangu."

"Na ni mwanachama."

Népomuscène alikula kidogo, akaenda kulala. Wiki nzima Médiatrice alimwomba aitishe mkutano upya. Alipokataa, mama huyo na wenzake wakapeleka kesi mahakama ya kazi. Jina lake lilitangulia, kwa sababu wengine waliogopa.

Siku ya kusikilizwa alimpigia mumewe pasi shati jeupe, wakatoka pamoja. Ukumbini kila mmoja akakaa upande wake.

Jaji alimtazama Médiatrice. "Huyu mshitakiwa ni nani kwako?"

"Ni mume wangu, Mheshimiwa."

"Mmeachana?"

"Apana. Tumekuja pamoja."

Watu wakacheka. Népomuscène aliinamisha kichwa.

"Sasa mbona unamshitaki?"

"Kwa sababu ni mutu muzuri," alisema. "Ametutetea mpaka akasimamishwa kazi mwezi mzima. Lakini kesho akija mwenyekiti mubaya, atafanya hivihivi, na hatutakuwa na la kumwambia."

Jaji akamgeukia mume. Wakili wake alimgusa mkono anyamaze, lakini Népomuscène alikuwa ameshasimama.

"Watu hawakutimia," alisema. "Mke wangu anasema kweli."

Mahakama ikabatilisha mabadiliko yale na kuamuru uchaguzi. Wakarudi pamoja kwa miguu mpaka karibu na nyumbani.

"Una njaa?" mume akauliza.

"Sana."

Wakanunua sambusa, wakala wamesimama kando ya barabara, naye akampa mkewe ile kubwa.

Alichaguliwa Astère, mwanamke wa idara ya kufunga sabuni. Népomuscène alimkabidhi muhuri na funguo kwa mikono miwili. Baada ya hapo jioni zilimwia ndefu. Alizunguka uani bila kujua la kufanya. Médiatrice hakumsifu wala kumpa pole. Alimwita wamenye viazi, na siku nyingine walimenya mpaka giza likaingia.

Mkutano wa kwanza wa Astère ulipofika, Népomuscène alitaka kubaki nyumbani.

"Nitakaa wapi mimi?"

"Kando yangu."

Wakakaa benchi la nyuma. Astère akaeleza kwamba meneja anataka kuwapunguza wanawake watatu wa zamu ya usiku, na kwamba kamati imekataa. Népomuscène alitaka kuinuka aseme. Médiatrice akauchukua mkono wake, akauweka gotini pake, akaushikilia hapo. Taratibu alitulia, akaegemea bega la mkewe na kuendelea kusikiliza.