Alichotupa Harriet kwenye Mashine ya Maji

Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo watu. Haya, mwezi wa kumi mwaka 1994 wageni tulijaa Kigali, lakini mwenyeji wa kuponywa alikuwa wapi? Harriet alikuwa mmoja wa wageni hao, binti wa wakimbizi wa Rwanda aliyekulia Kampala. Ofisi ya maji ilimwajiri kwa sababu moja tu, kwamba aliwahi kusomea kompyuta. Wakamwonyesha mashine iliyokuwa ikipima maji ya tangi la kilimani na kuwasha pampu, wakamwambia aifufue. Fundi aliyeiandikia programu, Muhire, aliuawa mwezi wa nne pamoja na mkewe Mukeshimana na watoto wao, na nyumba yao ya Rwezamenyo ikachomwa na kila kilichokuwa ndani. Kazini aliacha daftari moja na disketi moja. Huko chini katika mtaa wa Kimisagara watu walikuwa wanachota maji machafu ya mtaroni.

Programu ile ilikuwa ya Forth, lugha ya kompyuta ambayo Harriet hakuwahi kuiona. Daftari nalo lilikuwa la Kifaransa, na Kifaransa cha Harriet kiliishia kwenye salamu. Aliyemwokoa ni Liliane, karani aliyerudi kutoka Bujumbura. Kinyarwanda cha Harriet kilikuwa cha kuungaunga, hivyo wawili hao walielewana kwa Kiswahili, kila mmoja na cha kwao, na wakawa wanachekana matamshi mchana kutwa. Liliane alisoma na kufasiri, Harriet akajaribu kwenye mashine.

Katika Forth kila namba unayoiandika inakaa juu ya rundo, na iliyowekwa mwisho ndiyo inayotoka kwanza. Hata kujumlisha ni kinyumenyume: unaweka mbili, unaweka tatu, ndipo unataja alama ya kujumlisha. Kichwa kilimuuma Harriet. Mwishowe alileta sahani za bati za jikoni pa ofisi, akaandika namba kwenye vikaratasi, akaviweka kila kimoja sahani yake, akazirundika mezani. Ukisema DUP, sahani ya juu inapata pacha wake. SWAP, mbili za juu zinabadilishana nafasi. ROT inachomoa ya tatu na kuipandisha juu kabisa, na hiyo ilimtoa jasho siku mbili nzima. DROP ndiyo ilikuwa rahisi kuliko zote, maana inatupa ya juu, basi. Ikishatupwa imetupwa, mashine haiikumbuki.

Jambo gumu lilikuwa kuliacha rundo safi. Siku moja Harriet alisahau DROP, namba moja ikabaki juu, mashine ikaidhani ni kipimo cha tangi. Pampu ikasukuma maji mpaka yakafurika na kuteremka kilimani, na watu wakatoka na madumu wakishangilia kosa lake. Alirekebisha jioni ile ile. Baada ya wiki tatu mabomba ya Kimisagara yalikuwa yanatoa maji, na mkuu wa ofisi akampa mkono mbele ya wafanyakazi wote. Alifurahi mno, na furaha hiyo ndiyo iliyomponza.

Kwa sababu sasa aliona kila kitu. Akaona kwamba katika sehemu ya kuwasha pampu Muhire aliweka mistari michache ya ajabu, kila mmoja ukiweka namba tatu juu ya rundo na kuzitupa hapo hapo, DROP DROP DROP. Namba zinapanda, zinashuka, hazijumlishwi wala hazilinganishwi na chochote. Liliane alipekua daftari, hakuona maelezo.

"Acha tu," alisema. "Iko ya mtu."

Harriet hakuacha. Mwalimu wake wa Kampala alikuwa mkali kwa mstari usiofanya kazi, na yeye alitaka ajulikane kwamba ameelewa. Akaifuta yote, akahifadhi juu ya disketi ile ile ya pekee. Pampu ikawaka kama kawaida, naye akajisifu moyoni.

Siku nne baadaye alikuja mama mzee kutoka Nyanza, amefunga kitambaa kichwani, miguu imejaa vumbi. Jina lake Gahongayire, mama mzazi wa Muhire, na Liliane akasaidia kufasiri. Alikuwa amepata mifupa ya mwanawe na familia yake mahali walipotupwa pamoja na wengine wengi na kuizika upya, na sasa mchora misalaba alitaka ampe siku za kuzaliwa za wajukuu, Cyusa na Shimwa. Yeye hakusoma, na vyeti viliungua. Lakini Krismasi iliyopita mwanawe alimwambia kwamba amewaweka watoto kwenye mashine, siku walizozaliwa, ili kila pampu inapowaka iwataje kwanza ndipo ipeleke maji mjini. Aliposikia maji yamerudi, akapanda gari.

Harriet akaelewa. Siku, mwezi, mwaka. Namba tatu tatu. Mashine iliwataja watoto wale hata baada ya kufa, tangu alipoifufua yeye, mpaka yeye mwenyewe alipoinyamazisha. Na shetani akamnong'oneza: mzee huyu hasomi, mtajie namba yoyote, aende na amani yake. Nani angejua? Liliane alikuwa anamtazama.

"Nilizifuta, mukecuru," akasema, akimwita kwa heshima kama wanavyoitwa wanawake wazee huko. "Niliona hazina kazi. Nisamehe. Hakuna nakala nyingine."

Gahongayire hakugomba, na afadhali angegomba. Aliuliza tu kama Harriet alizisoma kabla ya kuzifuta.

"Nilizisoma, lakini sikuzishika. Hapakuwa na majina, ni namba tu. Mistari mitatu."

"Wajukuu wangu ni wawili, mwanangu."

"Ilikuwa mitatu, mukecuru. Niliihesabu nikifuta. Wa mwisho uliishia na tisini na nne."

Mama mzee akashika ukingo wa meza. Mara ya mwisho kupata habari za mwanawe ilikuwa mwezi wa kwanza, naye Mukeshimana alikuwa mjamzito. Baada ya hapo hapakuwa na barua, na majirani ambao wangejua walikufa nao. Miezi yote hiyo alikuwa amejiambia kwamba yule wa tumboni alikufa na mama yake kabla ya kuliona jua, na hilo peke yake alilihesabu kuwa rehema.

"Alizaliwa," akasema. "Kumbe alizaliwa."

Liliane alianza kulia. Gahongayire akamgeukia Harriet, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Alikuwa wa kiume au wa kike?"

Katika Kigali nzima hapakuwa na mtu wa kuulizwa.