Wa Kwanza Kufungua Bizimu

Miguu ya Veit Lassacher ilikuwa mipana mbele na myembamba nyuma kama ya bata, na dada yake Notburga alimwambia hivyo tangu walipokuwa wakiogeshwa beseni moja. Mtu mwenye miguu ya namna hiyo anaweza kuishi salama miaka yake yote. Anaweza hata kuwa fundi wa mapaa, kama alivyokuwa Veit, akapanda na kushuka ngazi bila taabu. Lakini yeye, kati ya vyote ambavyo moyo wake ungeweza kuvipenda, alipenda ubao wa theluji, na si ule wa vijana wanaovaa buti laini kama mto wa kulalia. Alipenda ule wa kizamani, mrefu na mwembamba, unaopandwa kwa buti ngumu za plastiki, ambao ukiulaza vizuri unachora mstari mmoja safi kutoka kileleni hadi bondeni. Buti hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya bata.

Katika bonde lao waliobaki na buti ngumu walikuwa watatu. Zamani walijaza basi zima kwenda mashindanoni, wamevaa suti za rangi za kuumiza macho. Kisha dunia ikahamia buti laini, wengine wakavunjika magoti, wengine wakapata akili, na sasa Chama cha Buti Ngumu kilikuwa na mwenyekiti, mweka hazina na mwanachama. Mwenyekiti alikuwa Elmar Pritz, mume wa Notburga. Mweka hazina alikuwa Gidi, daktari wa mifugo, mtu mrefu mpole ambaye hakuwahi kuiona hazina yenyewe. Mwanachama alikuwa Veit.

Chama kilikuwa na desturi moja, na kila Jumamosi ya msimu iliheshimiwa kuliko misa. Wakishateleza asubuhi nzima, waliketi kwenye benchi la nje la mkahawa wa mlimani, jua likiwapiga usoni, buti zikiwa zimebanwa vilevile. Watu wengine wote, wakifika tu, hufungua bizimu, zile klipu za kubania buti, na kushusha pumzi. Wao hawakufungua. Wa kwanza kufungua alivishwa kengele ya ng'ombe shingoni, kubwa kama ndoo, na kushuka nayo hadi kijijini mbele za watu. Akishafungua yeye, wengine nao walikuwa huru kufungua.

Aliyevaa kengele siku zote alikuwa Veit. Hata supu haijafika mezani, mkono wake ulikuwa umeshateremka chini ya meza. "Haya, miguu ya bata imesalimu amri!" Elmar alikuwa akipiga kelele, na benchi zima likicheka. Veit naye alicheka. Alikuwa mjane, aliishi peke yake juu ya karakana yake, na mtu akikosa kelele nyumbani hata kengele humfaa.

Basi vuli ile wakafanya mkutano mkuu wa mwaka sebuleni kwa Elmar, wote watatu wamevaa ndala za sufu, na chupa ya pombe kali ya misonobari katikati. Mtu aliyevaa ndala hutunga sheria kali sana za viatu. Elmar alisimama, akakohoa.

"Ndugu wanachama. Chama hiki si cha kulialia. Napendekeza, atakayevaa kengele Jumamosi ya kwanza ya msimu huu, aende zake kwa buti laini. Aende kwa heshima, tutampa hata cheti. Lakini aende."

"Naunga mkono," akasema Gidi, ambaye alikuwa ameshapitisha glasi tatu.

"Shemeji, usininunie," Elmar akamwambia Veit. "Sheria ni ya wote."

"Sijanuna," akasema Veit. Alikuwa amenuna, tena sana. Usiku ule hakupata usingizi. Alijua kwamba Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo watu humwita kwa jina bila kuuliza habari ya paa linalovuja. Wakimwondolea Jumamosi, atabaki na wiki yenye siku sita, zote za kazi.

Akaanza kutafuta buti. Si kwamba hakuwahi kutafuta. Stoo yake ilikuwa na jozi za kutosha kuvisha kikosi, na kila jozi ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia, maana Veit alikuwa na hesabu yake: buti ikibana pembeni, nunua namba kubwa zaidi. Buti hizi hupimwa kwa sentimita, na mguu wake ulihitaji namba ishirini na sita na nusu; alikuwa amefika ishirini na tisa. Pembeni buti iliendelea kubana. Nyuma kisigino kilipanda na kushuka kama pistoni, na ili kukituliza alikaza bizimu mpaka mshipa wa juu ya mguu ukafa ganzi. Safari hii akajaribu kutanua jozi moja mwenyewe kwa mashine ya hewa moto ya kubandulia rangi na jeki ndogo ya gari. Plastiki ilitanuka vizuri, ikaendelea kutanuka, kisha ikalala mezani kama jibini. Karakana ilinuka kwa wiki.

Ndipo Gidi, kwa kujisahau, alipotaja kwamba ng'ambo ya pili ya mlima, kule Carinthia, kuna Bibi Sabernig anayetengeneza buti za wanamashindano. Bibi huyo alikuwa na duka kubwa, gari kubwa, na mdomo mkubwa kupita vyote viwili. Alimpokea Veit huku akitafuna mbegu za maboga, akatoa bitana ya buti yake nje, akamwambia aingize mguu mtupu ndani ya gamba la plastiki na asogeze vidole hadi mbele viguse.

"Nyuma ya kisigino panatakiwa kuingia kidole kimoja," akasema, akapitisha mkono. Uliingia wote, ngumi na saa. "Mungu wangu! Bwana Lassacher, hii ni buti au handaki? Umeinunulia miguu yako nyumba yenye korido ndefu, vyumba hamna!"

"Pembeni inabana."

"Lazima ibane! Korido si inazidi urefu tu? Umevaa hivi miaka mingapi?"

Veit akatazama dari. "Mingi."

"Na hukumuuliza mtu?"

Hakumuuliza mtu, kwa sababu katika Chama cha Buti Ngumu kuuliza habari ya maumivu kulihesabiwa kuwa maumivu yenyewe. Bibi Sabernig akamletea namba ishirini na sita na nusu. Veit akacheka. Akaambiwa afunge mdomo na avae. Alibandikwa vipande vya sponji kwenye kila kinundu cha mguu, gamba likapashwa moto, likasukumwa nje hapa na pale kwa vyuma vya mviringo, likapoa likiwa na nundu zake mbili kama za ngamia. Bitana nayo ikaokwa kwenye oveni na kuvalishwa ingali moto. Bei ilikuwa ya ndama mzuri. Lakini Veit aliposimama, alisubiri maumivu yaje, na hayakuja. Akasubiri tena. Akajikuta machozi yanamlengalenga mbele ya mwanamke anayetafuna mbegu.

"Sasa usiniambie unalia," akasema Bibi Sabernig. "Hapa wanaume hulia wakiona bili."

Jumamosi ya kwanza ya msimu ilikuja na baridi kavu na anga jeupe. Asubuhi ile Veit aliteleza kama hajawahi. Kisigino kilitulia, vidole vilitulia, na ubao ukamtii kabla hajaomba. Kwenye kila kona alijilaza mpaka glavu ikakwangua theluji. Alifurahi kiasi cha kuimba, na yeye hakuwa mwimbaji. Elmar na Gidi waliona mistari yake, wakatazamana.

Saa ya benchi ikafika. Wakaketi. Jua likatoka. Veit akaweka mikono yote miwili juu ya meza, mahali ambapo kila mtu angeiona.

Supu ikaja, kila bakuli na donge lake la jibini lililokaangwa. Elmar akala kijiko kimoja, akainama kuchungulia chini ya meza, akainuka.

"Shemeji. Vipi hali?"

"Safi kabisa."

"Hakuna panapobana?"

"Pabane wapi?"

"Nauliza tu," akasema Elmar.

Wakala. Supu ikaisha. Gidi akaagiza chai ambayo hakuinywa. Paji lake la uso lilikuwa na jasho, na baridi ilikuwa ya kukausha nguo kwenye kamba zikawa mbao. Elmar alianza kusimulia habari ya mashindano fulani ya zamani, akaisahau katikati, akabaki mdomo wazi. Rangi yake ilikuwa ya mshumaa. Hapo ndipo ilipobainika kwamba sheria ya chama haikusema mchezo unakwisha lini. Haikuwa na haja ya kusema. Miaka yote Veit alikuwa akiumaliza kabla ya supu.

Meza ya vijana wa buti laini ikageuka kuwatazama. "Wazee, leo mmegandia?" mmoja akauliza.

"Tumepumzika," akasema Elmar kwa sauti nyembamba.

Notburga, aliyekuwa akifanya kazi jikoni pale, akaja kukusanya mabakuli. Akamtazama mumewe, akamtazama kaka yake. "Veit, njoo unishikie sufuria," akasema, na Veit akainuka akamfuata, akitembea kwa zile buti ngumu wepesi kama yuko pekupeku. Nyuma yake alisikia Gidi akiguna.

Jikoni hapakuwa na sufuria ya kushikwa.

"Kaka, fungua hizo bizimu."

"Sifungui. Sheria yao wenyewe. Leo anaondoka mwingine."

"Hivi wewe unafikiri miaka yote hii nani alikuwa anaumia?" Notburga akapangusa mikono kwa aproni. "Elmar kila Jumamosi jioni ananiwekesha maji ya chumvi. Analoweka miguu, analia, halafu ananiambia moshi wa jiko umemwingia machoni. Kavaa namba ndogo kuliko mguu wake kwa sababu eti wanamashindano huvaa hivyo. Na Gidi ndiyo usiseme, Jumatatu anakwenda kwa ng'ombe na makubazi. Kwenye theluji! Walikuwa wanakungoja wewe. Ukifungua tu, chini ya meza ile zinalia bizimu zote kwa mpigo. Hukuwahi kusikia?"

Veit hakuwahi kusikia. Wakati huo alikuwa akivishwa kengele.

"Kwa hiyo walijua," akasema. Hasira ilimpanda hadi masikioni. "Nimechekwa mimi, nimeshushwa mlima kama ng'ombe wa maonyesho, kumbe nafungua kwa niaba yao!"

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kaka. Nao hawakujua kunguni wako."

"Basi afungue mwenyewe leo!"

"Elmar? Huyo atakufa nazo miguuni," akasema Notburga. "Na mimi ndiye nitakayezivua."

Veit akarudi kwenye benchi. Hasira yake ilikuwa ya haki, na aliketi nayo kwa raha, miguu yake ikiwa na joto, vidole vikicheza ndani ya buti kama watoto kitandani. Hakuwa na haja ya kufanya lolote. Alihitaji kukaa tu. Elmar alikuwa amefumba macho, midomo yake ikihesabu kitu. Gidi alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, mikono ile ile iliyozoea kutoa ndama usiku wa manane. Mmoja wao angefungua muda si mrefu, na akiwa ni Elmar, Elmar angetii sheria yake mwenyewe, maana alikuwa na kiburi hata cha kujiadhibu. Halafu? Angebaki Veit na Gidi. Mwakani pengine angebaki Veit. Angekuwa na buti nzuri kuliko zote katika bonde lile, na asingekuwa na mtu wa kukaa naye akiwa amezivaa.

Akakunja uso. Alikuwa na uzoefu wa miaka, uso ulijua njia. Akavuta pumzi kupitia meno, akasema, "Jamani, siwezi. Siwezi tena," akainama.

Safari hii alisikiliza. Bizimu yake ya kwanza ililia, na haijamaliza kulia zikafuata nyingine kama mvua ya mawe kwenye bati. Gidi alitoa sauti ambayo pengine alijifunza kwa wagonjwa wake. Elmar aliegemea ukuta, machozi yakimtiririka waziwazi, na akayafanya kuwa ya kicheko.

"Miguu ya bata!" akapaza sauti ikikatikakatika. "Hata mwaka huu, shemeji! Hata mwaka huu!"

Wakamvisha kengele. Vijana wakapiga makofi. Veit akangoja kelele zipungue, kisha akasema, "Sawa. Sheria ni sheria. Jumamosi ijayo nitakuwa kwa wale wa buti laini."

Gidi akatazama ndani ya kikombe chake cha chai.

"Sheria gani?" akauliza Elmar.

"Ile ya vuli. Sebuleni kwako."

"Mimi sikumbuki sheria yoyote. Gidi, wewe ni ofisa wa chama, unakumbuka?"

"Tulikuwa tumelewa," akasema Gidi kwa heshima.

"Unasikia? Tulikuwa tumelewa. Jumamosi ijayo saa mbili, shemeji, usichelewe." Elmar akaifunga bizimu moja tu ya juu, ile isiyobana, akainuka kwa kushikilia meza. Hapo akamwona Veit anazifunga zake zote haraka haraka, kwa mazoea ya mtu asiyeumia, akakunja uso. Veit akagutuka, akaanza kuchechemea kwenda kwenye ngazi. Lakini hakukumbuka siku zote alikuwa akichechemea mguu upi. Akachagua wa kushoto.

Elmar akamtazama mguu, kisha akamtazama uso, muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika.

"Niegemee," akasema polepole. "Najua inavyouma."

Veit akamwekea mkono begani, na Elmar, ambaye hakuweza kushuka ngazi peke yake, akaushika kwa nguvu zake zote.