Barafu ya Mgeni

Mshonaji aliepua sufuria mara tu maji yalipoanza kutokota, akatia majani ya chai na kufunika. Hakuyachemsha pamoja na majani, maana mamamkwe wake, ambaye wakati huo alikaa kwenye kigoda karibu na mlango akijipepea kwa kipande cha boksi, alikuwa na msimamo mkali juu ya jambo hilo. Majani yakichemka chai inakuwa chungu, na chai chungu ikipoa uchungu unazidi. Sukari ilitiwa chai ikiwa bado ya moto, ikakorogwa mpaka ikayeyuka yote. Kisha chai ilichujwa kwenye jagi, na jagi likaachwa mezani lipoe kwa wakati wake. Wenye haraka hulisukuma kwenye friji likiwa bado linafuka mvuke, na chai yao hutoka na ukungu kama maji ya kufulia. Limau hufuata chai ikishapoa. Barafu huja mwisho kabisa.

Siku hiyo jagi lisingeingia kwenye friji hata kama lingepoa, kwa sababu kiganja cha kulia cha mumewe kilikuwa humo ndani na kilikuwa bado hakijaganda sawasawa. Kila mlango ukifunguliwa baridi hutoka, na Mshonaji alikuwa ameshapiga marufuku mtu yeyote kuugusa. Hata siagi ilikuwa nje, imelegea kwenye sahani yake.

Waokaji wote wa kiwanda cha mikate huyeyuka kidogo msimu wa joto. Tangu msimamizi apigilie misumari madirisha ya chumba cha tanuri, kwa kushuku kwamba mikate inapitishiwa humo, huyeyuka zaidi. Mmoja hupoteza sikio, mwingine unyayo. Kila mwokaji huenda kazini na mfuko wa nailoni mfukoni, na akiona kidole kinaanza kudondoka hukiwahi. Jioni Mshonaji huyapokea yale maji mlangoni kama mke mwingine anavyopokea kapu la sokoni, akayapitisha kwenye chujio la chai ili kuondoa unga, akayamimina kwenye trei ya barafu kwa mpangilio, kuanzia dole gumba hadi kidole kidogo. Asubuhi vipande huwekwa mahali pake, mume huuma meno kidogo, vinashika. Mpangilio si mchezo. Yupo mwokaji mmoja ambaye mkewe alimrudishia vidole ovyo ovyo, na mpaka leo watu wakishikana naye mkono hawajui waachie lini.

Mshonaji aliliogopa joto kuliko kitu chochote. Aliogopa pia umeme kukatika, na mambo hayo mawili yalikuwa na kawaida ya kuja pamoja. Msimu uliopita jirani wa ghorofa ya chini aliyeyuka mzima mzima mbele ya tanuri, wenzake wakamkusanya kwa beleshi la unga na kumleta nyumbani kwenye ndoo. Friji ya mkewe ilikuwa ndogo. Akawa anaifunika ndoo kwa sinia na kusubiri kuazimwa nafasi kwenye friji za watu. Maji yakawa yanapungua, mpaka asubuhi moja akafunua sinia na kukuta chumvi tu. Watu walikwenda kumpa pole. Msimamizi naye alifika na mikate.

Usiku wa kuamkia siku hiyo umeme ulikuwa umekatika, ukarudi mchana. Kulipokucha kiganja kilikuwa maji matupu kwenye trei, na mwokaji hakwenda kazini. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Mara ya pili haikuwa na mjadala: asiyefika kesho yake hukuta mtu mwingine amevaa aproni yake. Kwa hiyo mumewe alikaa mezani, mkono umezungushiwa taulo, akiitazama friji kama mtu anayesubiri daktari atoke chumba cha upasuaji. Mamamkwe ndiye aliyesema kwa niaba ya wote.

"Mkwe wangu, gonga kidogo kwa nje usikie kama kimekaza."

"Nikigonga ndiyo kitaganda, mama?"

"Hakitaganda, lakini roho yangu itatulia."

Mlango uligongwa kabla friji haijagongwa.

Aliyeingia alikuwa msimamizi mwenyewe, ambaye wafanyakazi walimwita Funguo kwa sababu ya rundo lililoning'inia kiunoni mwake na kutoa sauti kabla yake. Alimwamkia mamamkwe shikamoo kwa heshima zote, akamuuliza Mshonaji habari za cherehani, akavuta kiti na kuketi mkabala na mwokaji. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni. Hakuwa ameyeyuka popote, maana ofisi yake ilikuwa na feni.

"Nimesikia unaumwa," alisema.

"Nilikuwa na homa, bosi. Imeondoka."

"Na mkono?"

"Nimeuunguza kidogo na chai. Kesho nitakuwa kazini."

"Na mikono yote miwili."

"Yote miwili, bosi."

Ili mikono yake ipate kazi, Mshonaji alikata limau na kulikamulia kwenye jagi. Akamimina glasi, akaiweka mbele ya Funguo kwa mikono miwili, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango wa friji. Hapo akasimama.

Funguo alionja. Akaiweka glasi chini.

"Shemeji, chai nzuri. Lakini kwa joto hili, chai ya baridi isiyo na barafu ni chai iliyosahauliwa mezani."

"Barafu bado haijaganda, shemeji. Umeme umerudi sasa hivi tu."

"Hebu tuone."

Aliinuka. Mshonaji hakusogea, naye hakumsukuma. Alisubiri tu, kwa adabu, kama mtu anayengoja mwenzake atoke kwenye lifti, na mwishowe Mshonaji akajikuta amesogea. Baadaye alijiuliza mara nyingi ni mguu gani uliotangulia, wala hakukumbuka. Funguo alifungua mlango, akaingiza kichwa kwenye ubaridi, akatoa trei. Aliitikisa. Vipande vilikuwa vimekaza.

"Mbona imeganda vizuri kabisa," alisema. "Au ni ya mtu?"

Kulikuwa na jibu moja la kweli na lote lilikuwa ndani ya trei. Kulisema ni kukiri kwamba ndani ya taulo hamkuwa na kitu, na kwamba kesho tanuri lingekuwa na mwokaji wa mkono mmoja, na mwokaji wa namna hiyo Funguo alikuwa na sababu ya kumwondoa saa hiyo hiyo, akiwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Mshonaji alimtazama mumewe. Alitaka aseme. Aliogopa pia kwamba atasema.

"Mpe mgeni barafu, mke wangu," mwokaji alisema.

Mshonaji alitoa vipande kwa ncha ya kisu. Vilianguka kwenye glasi kimoja kimoja, gumba kwanza, kwa sababu hakujua kuvitoa kwa mpangilio mwingine. Chai ikapanda hadi ukingoni. Kila kipande kilipogonga kioo, mwokaji alishtuka kidogo begani, kama mtu anayechomwa sindano na hataki watoto wamwone. Mamamkwe alisogeza kigoda chake, akaanza kumpepea mgeni. Hakujua afanye nini kingine kwa mikono yake, na mgeni alikuwa anatoka jasho.

Funguo alikunywa taratibu. Alikuwa mtu wa kutafuna barafu. Sauti ya meno yake ilijaa chumba kizima, na baina ya kipande na kipande alieleza mipango ya kiwanda: oda zimeongezeka, tanuri la pili litawashwa, madirisha yatabaki kama yalivyo kwa sababu wizi umepungua.

"Ina chumvi kwa mbali," alisema, akiitazama glasi kwenye mwanga.

"Maji ya hapa, bosi," mwokaji alisema. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Inaleta ladha. Mwambie shemeji asibadilishe."

Aliitazama taulo kwa kitambo, tena bila kuficha kwamba anaitazama. Kisha akashukuru, akaaga, akateremka ngazi akipiga mluzi.

Mamamkwe aliiwahi glasi kabla mlango haujafungwa. Chini kabisa, ubavuni mwa kokwa la limau, palibaki kipande kidogo kilichochongoka. Alikichota kwa kijiko na kukirudisha kwenye trei, akaufunga mlango wa friji kwa goti, akabaki ameuegemea huku analia bila sauti. Asubuhi mwokaji alirudishiwa kidole kidogo. Kilishika upande wa kifundo cha mkono, mbali kidogo na mahali pake, lakini kilipinda na kunyooka.

Alikwenda kazini. Mshonaji alimpunguzia mkono wa shati na kuushona ukingo vizuri, usije ukaingia kwenye moto. Kwa kidole kile alijifunza kuning'iniza trei za mikate, na unga aliukanda kwa mkono wa kushoto na kiwiko. Funguo hakumfukuza. Alipita nyuma yake mara moja tu, akatazama, akamwambia kwamba mtu mwenye moyo wa kazi hujulikana. Waokaji wenzake walimpigisha stori za mpira. Kila mmoja wao alikuwa na kitu nyumbani kwenye friji, na hakuna aliyeuliza.

Ilipofika siku ya mapumziko Funguo alirudi, akasema amefuata ile chai. Mshonaji alikuwa amejiandaa. Alikuwa amenunua barafu dukani, mfuko mzima, safi, inayoonyesha hadi upande wa pili. Akajaza glasi mpaka juu. Funguo alionja, akaisukuma glasi katikati ya meza kwa kidole kimoja.

"Hii haina ladha, shemeji. Ile ya siku ile." Akamgeukia mwokaji, akatabasamu kwa urafiki kabisa. "Wiki ijayo nitapita tena. Nitakuja na mkurugenzi, nimeshamsifia."

Wiki hiyo joto halikupungua. Siku yenyewe ilipowadia Mshonaji alichemsha maji tangu asubuhi, akatia majani, akafunika, akakoroga sukari chai ikiwa ya moto, akaacha jagi mezani. Mamamkwe alikuwa amejifungia chumbani. Mwokaji alileta beseni mwenyewe, akaliweka sakafuni penye jua la dirishani, akakaa kwenye kiti na kuvua viatu na soksi.

"Upi?" Mshonaji aliuliza.

Mumewe alifikiri, akiiangalia miguu yake yote miwili kama fundi anayechagua ubao.

"Wa kushoto," alisema. "Wa kulia ndio ninaosimamia mbele ya tanuri."

Mshonaji alipiga magoti, akamkunjia suruali hadi juu ya goti.