Shali Isiyonuka Ubani

Pallavi alimwinamia mama mkwe wake, Mama Kamlesh, aliyekuwa amesinzia kitini, akainusa shali yake. Ilinuka mafuta ya nazi na dawa ya kuchua. Ubani haukuwamo. Hata hivyo hakuamini.

Kando ya kiti, mashine ya kusafisha hewa ilikuwa ikivuma, taa yake nyekundu, namba yake ya uchafu wa hewa mia tatu na themanini. Tangu ainunue kwa ajili ya pumu ya mama, wiki tatu nzima, taa ile haikuwahi kuwa ya kijani. Nje, Delhi ya Novemba ilikuwa imemezwa na moshi, hata jengo la jirani halikuonekana. Lakini ndani madirisha yalikuwa yamefungwa na nyufa zimezibwa kwa taulo. Basi huo moshi, aliwaza Pallavi, kuna mtu anayeutoa.

"Umechoma tena," Pallavi alimwambia mama alipofumbua macho.

"Mimi?" Mama Kamlesh alivuta pumzi, kifua kikapiga filimbi. "Gopal wangu mwenyewe hayupo. Nimchomee nani ubani, binti? Friji?"

Alisema kwa utani, lakini midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Gopal alikuwa sanamu ndogo ya shaba, ya mungu Krishna akiwa mtoto anayetambaa. Kwa miaka thelathini na moja Mama Kamlesh alikuwa amemwogesha kila asubuhi, akamlisha maziwa ya sukari, na kila majira ya baridi akamfumia sweta jipya la ukubwa wa kiganja. Daktari alikataza ubani tu, sanamu hakuigusa. Ni ukali wa Pallavi, siku baada ya siku mbele ya ile taa nyekundu, uliomfanya mama amfunge Gopal kwenye leso pamoja na sweta ambalo mkono mmoja ulikuwa haujaisha, ampeleke hekaluni, arudi mikono mitupu.

"Kwa hiyo mashine ndiyo inayosema uongo?"

"Mambo ya mashine siyajui. Najua sijachoma." Mama akavuta pampu yake mara mbili, akaenda kulala chumbani.

Pallavi akampigia simu fundi.

Fundi Irfan alifika kabla ya saa sita, barakoa ikining'inia kidevuni. "Shemeji, mashine mpya hivi imekukosea nini?" Akafungua kifuniko cha nyuma, akachungulia, kisha akaangua kicheko. "Lo! Chujio limevaa koti la mvua!"

Chujio lilikuwa ndani ya mfuko wake wa plastiki, limefungwa vilevile lilivyotoka kiwandani.

"Usione haya, hii ni nyumba ya nne wiki hii," alisema akiuchana mfuko. "Sisi ndivyo tulivyo. Sofa na plastiki yake, rimoti na plastiki yake. Mke wangu amelalia godoro lenye nailoni miaka miwili, akigeuka mtaa mzima unaamka."

Pallavi hakucheka. Mfuko ule aliuona siku ya kwanza kabisa. Aliona chujio ni ghali, akasema moyoni, likae na plastiki yake lisichafuke upesi. Hata pembe za mfuko alizikunja vizuri, kama mtu anayetandika kitanda.

Namba zikaanza kushuka. Mia tatu. Mia mbili na kumi. Fundi alipomaliza chai yake ilikuwa mia na ishirini. Mlangoni alimkonyeza. "Mama akiuliza, sema waya ulilegea. Mimi sijaona kitu."

Saa moja baadaye Mama Kamlesh alitoka chumbani akiwa ameshika ukuta. Akaitazama taa, ambayo sasa ilikuwa ya kijani, akaketi polepole.

"Kumbe ilikuwa mbovu?"

Pallavi alifungua mdomo. Waya. Neno moja tu.

"Afadhali," mama aliendelea. "Nami nilikuwa nimeanza kujishuku. Nikasema labda ubani umeniingia mwilini miaka yote hii, unatoka kwenye ngozi. Jana nimeoga mara mbili, nikajisugua kwa jiwe."

"Mama, haikuwa mbovu." Sauti ilimtoka nyembamba. "Ni mimi. Sikutoa plastiki. Niliiona, nikaiacha makusudi ili chujio lisiishe. Hewa haikuwa inapita. Hukuchoma kitu. Nilikusingizia."

Pallavi alitamani apigwe, atukanwe, lolote. Alipiga magoti kugusa miguu yake, lakini mama akaivuta miguu chini ya kiti.

"Juzi nilikusikia jikoni," alisema. "Ukimwambia Nitin kwenye simu kwamba mama yake ni mwongo, anachoma kwa siri kama mtoto mwizi wa sukari. Mwanangu hajanisemesha tangu siku hiyo."

"Nitamweleza jioni akirudi…"

"Mpigie sasa. Uweke spika."

Pallavi akabonyeza. Simu ikaita. Nitin alipokea akiwa na haraka, nyuma yake kelele za ofisi.

"Haya, mama kafanya nini tena?"

Pallavi alimtazama mama usoni, akaanza kueleza habari ya plastiki.