Gemu ya Kugombea Kiti cha Mama

Katika gemu ya kwanza kaka yangu Garrett alinifunga kwa tofauti ya pointi ishirini na nne, na kabla robo ya tatu haijaisha nilishajua kwamba kuna kitu kinachezwa pale sebuleni zaidi ya kile cha kwenye runinga. Kazi yangu ni kukagua madai ya bima. Mwaka wa kumi na sita huu napanda mapaa ya kaunti nzima kuangalia kama vigae viling'olewa na kimbunga au na mwenye nyumba na nyundo yake. Mtu akinidanganya, shingo huniwasha. Jumapili ile iliwasha tangu tulipotoka kanisani.

Tulikuwa tunagombea kiti. Baba yetu, Harlan Pruett, ana tiketi mbili za msimu katika uwanja wa chuo, safu ya hamsini na moja, tangu kabla hatujazaliwa. Kiti kimoja chake, cha pili kilikuwa cha Mama mpaka tulipomzika mwezi wa Machi. Mechi dhidi ya wale mahasimu wetu ilikuwa Jumamosi inayofuata, na daktari alishasema kwamba mwakani Baba hatazipanda tena ngazi zile, si kwa magoti yale, si kwa moyo ule. Hiyo ndiyo ingekuwa mechi yake ya mwisho uwanjani, na mtoto mmoja tu angekaa naye.

Mimi sikuona hata cha kubishania. Nimehamia chumba cha nyuma kumtunza, dawa zake nazipanga mimi, na msimu wote nilikuwa nikienda naye mimi. Garrett anakaa mwendo wa saa nne kwa gari, huja sikukuu na huondoka na mabaki ya nyama. Lakini alisema mechi ya mwisho si kama nyingine, na yeye pia ni mtoto wa Mama. Tulizozana kwenye simu wiki nzima hadi Baba akachoka. Akaamua tuyamalize kwa gemu ya runinga ya mpira wa vyuo, huu wetu wa kubeba kwapani na kugongana. Mechi tatu, na atakayeshinda mbili achukue kiti.

Gemu hiyo tumeicheza tangu shuleni, kila toleo. Sifa zake nazitoa bila kinyongo. Uwanja wetu wameuchora mpaka nyufa za ngazi, bendi inapiga wimbo wa chuo ule ule, na mgeni akiwa na mpira kelele za wenyeji hutikisa pedi ya vitufe mkononi mpaka vidole vinakosea vitufe. Makosa yake nayo ninayo kwenye ncha ya ulimi. Watangazaji wana sentensi kumi tu wanazozungusha. Mabeki wakati mwingine wanapitwa na mtu wanamwangalia kama wageni harusini. Watazamaji wote wana sura tano, na kwenye safu yetu ya hamsini na moja amekaa mwanamume mmoja mwenye ndevu mara kumi na mbili.

Kosa kubwa zaidi ni la kuchagua mipango. Kabla ya kila jaribio la kusogeza mpira runinga inaonyesha mipango mitatu, kukimbia nao au kurusha, kila mmoja na kitufe chake kisichobadilika. Mkicheza wawili kwenye runinga moja, wote mnaiona. Asichokijua mwenzako ni kitufe gani umebonyeza. Ndiyo maana kwetu mtu huficha kidole chake kama anavyoficha namba ya siri ya benki.

Na timu tulichukua moja. Hakuna Pruett atakayevaa rangi za mahasimu, hata kwenye gemu, kwa hiyo chuo chetu kilicheza na chuo chetu, yeye jezi nyekundu, mimi nyeupe. Wachezaji ni wale wale, nguvu ile ile. Sasa niambie, mtu anawezaje kubahatisha mpango wako mara tisa katika kumi? Nikikimbia, watu wake wamejazana katikati. Nikirusha, wamekwisha kurudi nyuma wananisubiri.

Kwanza nilishuku pedi, kwa kuwa ndiye aliyezileta. Nikataka tubadilishane. Akanipa, akitabasamu, na lile tabasamu nalo nikalishuku. Nikamwambia simu yake aiweke jikoni, akaiweka. Gemu ya pili tuliicheza baada ya kula. Baba alikuwa amesinzia kwenye kiti chake na mimi nikashinda kwa pointi kumi, nikajipongeza kwamba nimemkamata. Pedi ndiyo ilikuwa na ujanja, basi.

Gemu ya tatu nikaweka na mto kati yetu, nikauficha mkono wangu nyuma yake.

"Dada, tunacheza au tunalala?" Garrett akaniuliza.

"Cheza. Ukishindwa utalala."

Hata hivyo mambo yakarudi yale yale. Ikiwa imebaki nusu dakika alikuwa mbele yangu kwa pointi nne, na kila nilichochagua alikuwa amekijua. Ndipo nilipoona kwamba mipango inapotokea Garrett haangalii runinga. Macho yake yanapita mbele ya pua yangu, yanakwenda kulia, halafu ndipo anabonyeza.

Kulia kwangu kulikuwa na Baba. Mwanga wa runinga humuumiza macho, kwa hiyo kiti chake hukaa pembeni, kimetuelekea sisi. Nilijikinga na Garrett, upande wa Baba nikauacha wazi, naye akikiona kidole changu. Alikuwa anajikuna kiwiko.

Baba alikuwa kocha msaidizi wa timu ya sekondari miaka ishirini na miwili, na kazi yake ilikuwa kusimama kando ya uwanja na kuwapa wachezaji mipango kwa ishara. Garrett alicheza akizifuata ishara zile. Mimi nilizijifunza nikibeba chupa za maji. Kofia ni kukimbia, kiwiko ni kurusha. Nilikuwa nimechagua kurusha. Jaribio lililofuata nikachagua kukimbia, nikamwangalia kwa pembe ya jicho. Akagusa kofia.

Nikasimamisha gemu. Nikamwambia Garrett akaangalie nyama kwenye tanuri la moshi nje, na sijui aliona nini usoni mwangu, maana aliondoka mara moja. Iliniuma. Hata Machi haikuniuma hivyo, kwa kuwa Machi angalau hakuna aliyenificha kitu.

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu ya kwanza. Ya pili nilipitiwa na usingizi."

"Si ungesema tu kwamba unamtaka Garrett."

"Nitakwambiaje, mwanangu? Wewe ndiye unayenivalisha soksi. Ile mechi ya Septemba tuliyokwenda mimi na wewe. Iliishaje?"

Nikatafuta kichwani. Nilikumbuka kwamba kulikuwa na joto, na kwamba vidonge vya saa nane alivinywa saa nane na robo. "Tulishinda," nikasema.

"Tulifungwa kwa mkwaju wa mwisho. Uwanja mzima unalia, wewe umenishika mkono unahesabu mapigo." Hakuwa na hasira. "Ukikaa na mimi, unaniangalia mimi. Garrett ataangalia mpira. Atawatukana waamuzi, atamwaga soda, atasahau kabisa kama mimi nipo. Nataka mara hii moja nikae na mtu aliyenisahau."

Garrett akarudi ananuka moshi, akachukua pedi. Lilikuwa limebaki jaribio moja, na yadi sita kufika mwisho wa uwanja. Mipango ikatokea, nikabonyeza, Garrett akatupa jicho kulia. Baba alikuwa ameikalia mikono yake. Garrett akababaika, akabahatisha kwamba nitarusha. Nikakimbia katikati palipo wazi mpaka mwisho wa uwanja, pointi sita zangu, na saa ikaisha.

Garrett akaanza kulalamika kwamba gemu ni mbovu, mabeki wake wamelala. Nilimwacha amalize.

"Jumamosi mtakwenda wewe na Baba," nikamwambia.

Akanitazama, akamtazama Baba, akanirudia mimi. "Umeshinda, halafu unaniachia? Nadine, una hila gani?"

"Sina hila."

"Wewe? Huna hila?" Alitaka kujua kama tiketi zina kasoro, kama nimesikia mvua itanyesha, kama kuna kitu nitamdai baadaye. Nikamvuta hadi jikoni, ambako Baba hatusikii.

"Kwenye ngazi atasimama mara tatu," nikamwambia. "Usimshike mkono, na usimuulize kama yuko sawa. Jifanye unafunga kamba za viatu mpaka aanze kupanda tena."