Zamu ya Kwenda Kijitoni

Vyura walikuwa wamenyamaza. Niligundua hilo kabla ya wenzangu, kwa kuwa mimi si msemaji. Kazi yangu ni kusikiliza.

Tulikuwa wasichana watatu nyuma ya jiwe, juu ya kijito cha Matogoro. Watu wetu walikuwa wamejificha pangoni, wana kiu. Shule ya misheni ilikuwa imechomwa kabla sijamaliza darasa la pili, na askari wa Mjerumani walikuwa wakichoma vihenge vya mahindi na kuvizia watu penye maji.

Biasha alikuwa binti wa nduna, kiongozi wa vita. Shingoni alining'iniza kibuyu kidogo, akisema ni dawa ya vita ya kugeuza risasi kuwa maji, aliyoachiwa na baba yake. Aliyetangulia kijitoni alipakwa dawa hiyo usoni, kisha hakuruhusiwa kusema wala kugeuka nyuma. Biasha mwenyewe hakutangulia hata mara moja.

"Leo wewe," aliniambia.

"Dada Biasha, vyura..."

"Vyura ni wajomba zako? Nenda, au nitawaambia wote umeidharau dawa."

Siku zile, neno hilo lilitosha kumfukuzisha mtu pangoni pamoja na mama yake.

Tabu, mwenzetu wa tatu, akacheka kidogo. Bibi yake alitekwa na watu wa kina Biasha katika vita vya zamani, kwa hiyo Biasha alimwita mtumwa, naye aliitika. Akauchukua mtungi mikononi mwangu. "Nipake mimi. Huyu atajikwaa awaamshe askari."

Alipokwisha kupakwa, aliniinamia kana kwamba ananitoa jani nyweleni. "Ni maji ya kijito tu," akaninong'oneza. "Jana nilimwona Biasha akiyachota. Usimwaibishe, naye anaogopa."

Akashuka. Penye ukungu aligeuka, akaniangalia, akatoweka.

Hatukusikia risasi wala kilio. Baadaye sana vyura walianza kulia, wote kwa pamoja.

Tuliposhuka tuliukuta mtungi umesimama katikati ya njia, umejaa, majani mabichi yakielea juu ili maji yasimwagike. Nyayo za Tabu ziliishia pale. Hakukuwa na nyayo nyingine.

"Aligeuka nyuma," Biasha akasema. "Si umemwona?"

Nikajitwika mtungi. Pangoni walikunywa wote.

Siku hizi Biasha ameolewa kijijini Mshangano. Kila tukikutana hunishika mkono na kuniuliza tena, kwa sauti ndogo, kama niliona Tabu alivyogeuka. Nami huitikia kwa kichwa.

Biasha, Tabu alijua ni maji tu. Alikwenda akikuhurumia.